Mawaridi mawili ya mwituni kwenye uzio mmoja: lipi la kung'oa, lipi la kulinda

Swali: Nina ekari tatu nje kidogo ya Columbus, Ohio. Upande mmoja wa uzio umefunikwa na mawaridi ya mwituni. Mwisho huu wa Mei baadhi yamechanua maua meupe madogo, mengi ajabu. Mengine yana majani makubwa zaidi na hayajatoa hata ua moja. Jirani wa kulia anasema yote ni magugu, niyafyeke. Wa kushoto anasema kuna waridi la asili ya hapa ambalo halifai kukatwa. Nayatofautishaje, na nikishajua nifanye nini? (Msomaji kutoka Kenya, anaishi Ohio.)

Jibu: Dada, weka panga chini kwanza. Majirani zako wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja ameushika upande wake. Kwa maelezo yako, uzio huo unaelekea kuwa na aina mbili zinazopanda. Ya kwanza ni Rosa multiflora, asili yake Japani, Korea na Uchina ya mashariki, ambayo Ohio imeiorodhesha kuwa gugu. Ya pili, kwa uwezekano mkubwa, ni Rosa setigera, waridi la mbuga za Amerika Kaskazini, na ndilo waridi pekee la asili ya bara hilo linalopanda juu ya miti na nyua. Multiflora ing'olewe. Setigera ilindwe, na ikiwezekana iongezwe. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuyatendea yote sawa: ama kufyeka uzio mzima, ama kuuacha mzima kwa sababu maua yanapendeza.

Usianze na ua. Anza na kitako cha jani. Pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi utaona utepe mwembamba wa kijani uliogandamana na kikonyo pande zote mbili, kama vibawa viwili. Wanabotania huuita stipuli. Kwenye multiflora, kingo za utepe huo zimechanika kuwa nyuzi ndefu, mithili ya matamvua ya kikoi. Huhitaji kioo cha kukuzia; shika jani likiwa limeelekea mwanga na utayaona. Kwenye setigera utepe ni mwembamba na kingo zake ni nzima. Pengine utaona vinyweleo vifupi vyenye kitone cha utomvu nchani, lakini matamvua hayapo. Alama hii nina imani nayo kuliko nyingine zote, kwa sababu haisubiri majira: ipo Aprili majani yakichipua, ipo Septemba maua yakiwa yamesahaulika.

Tazama angalau majani matano kwenye kila kichaka, kutoka matawi tofauti, na kila tawi ulifuate kwa mkono uliovaa glavu hadi linapoingia ardhini. Aina hizi mbili zikikaa uzio mmoja husukana. Tawi la multiflora linaweza kutoka mita tatu mbali na kulala juu ya setigera, na anayetazama juujuu ataandika kwamba kichaka kile ni multiflora. Setigera nyingi hufa hivyo, kwa kosa la tawi la jirani.

Alama ya pili ni idadi ya vijani. Jani la waridi si kipande kimoja; ni uti wenye vijani vilivyopangwa viwili viwili, na kimoja cha peke yake nchani. Multiflora huwa na vijani 5 hadi 9, mara nyingi 7, wakati mwingine hata 11, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 1 hadi 4. Setigera huwa na vijani 3, na 5 kwenye matawi yenye nguvu, na kila kimoja ni kikubwa, sentimita 4 hadi 8, chenye mishipa iliyozama kiasi kwamba uso wa jani unaonekana umekunjamana. Kuna mtego hapa. Majani yaliyo karibu kabisa na kishada cha maua ya multiflora hupungua vijani, na unaweza kukuta matatu tu. Kwa hiyo usihesabu majani ya juu penye maua. Hesabu yale ya katikati ya tawi changa lisilo na ua.

Sasa maua. Multiflora huchanua Ohio kuanzia nusu ya pili ya Mei hadi katikati ya Juni. Ua ni jeupe, mara chache lina wekundu wa mbali, upana wake sentimita 1.5 hadi 2.5 hivi, na makumi yake hukaa pamoja kwenye kishada chenye umbo la piramidi. Harufu ni tamu na inafika mbali. Setigera huja baadaye, mwisho wa Juni na Julai, wakati karibu mawaridi yote ya mwituni yamekwisha kupukutisha. Ua lake ni la rangi ya waridi iliyokolea linapofunguka, kisha hupauka siku hadi siku hadi karibu jeupe, kwa hiyo kishada kimoja hubeba rangi tatu nne kwa wakati mmoja. Upana wake ni sentimita 5 hadi 7, yaani mara mbili au zaidi ya lile la multiflora, na kwenye kishada huwa machache, kwa kawaida hayazidi kumi na tano. Ukiona mwisho wa Mei kwamba vile vichaka vyenye majani makubwa bado vina vitumba vilivyofumba, hiyo ni dalili nzuri sana kwako. Haitoshi peke yake. Kichaka chenye kivuli nacho huchelewa.

Baadhi ya vitabu vya kutambulisha mimea husema uangalie katikati ya ua: kama staili, yaani zile nyuzi za kike, zimeungana kuwa kinguzo kimoja kilichochomoza, basi ni multiflora. Ushauri huo unafaa unapolinganisha multiflora na Rosa carolina au Rosa palustris, mawaridi mengine mawili ya asili ya huko, ambazo staili zake zimeachana na zimejibanza chini kama kifungo. Kwa swali lako haufai kabisa. Setigera nayo ina kinguzo, kwa sababu yeye na multiflora ni wa kundi moja ndani ya jenasi ya Rosa. Wote wawili pia wana kromosomu 14, wote hurusha matawi ya mita 3 hadi 4 yanayojipinda kama upinde, na wote wana miiba imara iliyopinda kuelekea chini. Ndiyo maana hata watu wanaozijua mbuga vizuri huwachanganya wakitazama kwa mbali.

Kuna jambo moja la setigera ambalo wengi hawalijui na linabadilisha namna ya kuitunza. Ua lake linaonekana kamili: lina stameni, yaani nyuzi za kiume zenye chavua, na lina stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mimea yake imegawanyika kijinsia. Chavua ya mmea wa kike haioti inapotua juu ya stigma, na mmea wa kiume haufungi matunda hata ukitembelewa na nyuki kutwa nzima. Mmea wa kike bado hutengeneza chavua ile isiyoota kwa sababu mawaridi ya mwituni hayana mbochi wa maana wa kumpa nyuki. Chavua ndiyo chambo. Kwa hiyo ukikuta setigera kubwa, yenye afya, ambayo haijawahi kuzaa tunda, usiipe mbolea wala usiihukumu. Ama ni ya kiume, ama ni ya kike isiyo na dume karibu. Na ukitaka kuiongeza, usichukue vipandikizi kutoka kichaka kimoja tu, maana vyote vitakuwa vya jinsia moja.

Wakati wa baridi, majani yakishaanguka, tumia matunda. Ya multiflora ni madogo, milimita 5 hadi 8, mekundu, laini, yamejaa kwenye vishada vyenye matawi mengi, na hubaki juu ya kichaka hadi karibu na majira ya kuchipua. Ya setigera ni ya mviringo, milimita 8 hadi 12, machache, na ukiyapapasa yanapokuwa machanga yananata kidogo kwa sababu ya vinyweleo vya utomvu. Kutokuwepo kwa matunda hakuthibitishi chochote, kwa sababu niliyoieleza.

Kabla ya kufika kwenye kazi, niondoe mawaridi mengine yanayoweza kukuchanganya. Rosa carolina haipandi. Ni kijiti cha mita moja au pungufu, chenye miiba myembamba iliyonyooka kama sindano, na maua yake hukaa moja moja au machache. Rosa palustris hupenda kinamasi na kingo za mito. Zote mbili ni wenyeji, ziache. Ukikuta matamvua kwenye stipuli lakini ua ni la rangi ya waridi au limerudufu petali, hiyo huwa ni aina ya multiflora au mzao wake wa bustanini aliyetoroka. Kwenye uzio wa porini mtendee kama multiflora. Na kama karibu na nyumba kuna kichaka kilichowahi kuwa waridi la dukani, kisha kikageuka kutoa vishada vyeupe, hakikubadilika tabia: sehemu ya juu, iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mmea mwingine, ilikufa, na shina la chini la multiflora lililoibeba limechukua nafasi. Hilo nalo huwa chanzo cha mbegu, mara nyingi bila mwenye nyumba kujua.

Kwa nini multiflora ikawa tatizo kubwa hivi? Iliingizwa Marekani mwaka 1866 kutoka Japani kwa kazi hiyo hiyo ya kuwa shina la kubebeshea mawaridi ya bustani. Kuanzia miaka ya 1930 idara ya serikali ya hifadhi ya udongo iliwahimiza wakulima waipande kuzuia mmomonyoko na kuwa uzio hai wa mifugo. Majimbo yaligawa miche, na baadaye ilipandwa hata katikati ya barabara kuu ili kuzuia magari yanayoacha njia. Wewe uliyetoka Kenya unaijua habari hii kwa jina la mathenge, mti uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kupambana na ukame na uhaba wa kuni, kisha ukaziba malisho na mapito hadi wananchi wakaenda mahakamani. Sifa zilizoifanya ipendwe ndizo zilizoifanya isizuilike. Kichaka kikubwa hukadiriwa kutoa mbegu nusu milioni hadi milioni kwa mwaka. Ndege hula matunda na kuziangusha chini ya nyaya na miti wanapotua, ndiyo sababu nyua ndizo hujaa kwanza. Mbegu zinaweza kukaa ardhini zikiwa hai hadi miaka 20. Ncha ya tawi lililopinda ikigusa udongo hutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Tena huchipua majani mapema kuliko mimea mingi ya asili, ikakamata mwanga kabla wenzake hawajaamka. Setigera nayo inaweza kutoa mizizi nchani, lakini majani yake huchelewa, mbegu zake ni chache, na nusu ya mimea haizai. Haina uwezo wa kuifunga ekari yako.

Basi fanya hivi. Mwezi huu zunguka uzio na tepe za rangi mbili: nyekundu kwa kila shina lenye matamvua, bluu kwa kila shina lisilo nayo. Funga tepe chini, karibu na udongo, si kwenye matawi, ili siku ya kukata usikosee. Rudi tena wiki ya kwanza ya Julai. Shina la bluu likiwa na maua makubwa ya rangi ya waridi, umepata setigera. Shina ambalo bado lina utata, piga picha nne: stipuli kwa karibu, jani zima kutoka katikati ya tawi, ua kutoka ubavuni, na kichaka kizima. Zipeleke kwenye ofisi ya ugani ya kaunti yako. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kinahudumia kaunti zote 88 za jimbo, na kazi ya kutambua mimea ni sehemu ya majukumu yao.

Kukata kusubiri hadi Agosti au Septemba. Sababu ya kwanza ni ndege, wanaojenga viota humo kuanzia Aprili hadi Julai, na viota vyenye mayai au makinda ya ndege wengi wa porini vinalindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1918. Ya pili ni mmea wenyewe: mwishoni mwa kiangazi chakula kinashuka kutoka majani kwenda mizizi, na dawa ya kuua magugu, ukiitumia, inashuka nacho. Ukipaka dawa kwenye kisiki mwezi Machi au Aprili, maji yanayopanda yanaisukuma nje, na kichaka kitachipua tena Juni kana kwamba hukufanya kitu.

Miche michanga, chini ya nusu mita, ing'oe kwa mkono siku moja baada ya mvua, ukihakikisha kile kifundo ambapo mizizi yote hukutana kimetoka chote. Ukiacha kifundo umepogoa tu. Vichaka vya wastani vichimbe kwa sululu. Kwa vile vikubwa, kata kwa mkasi wenye mikono mirefu kuanzia nje kuelekea katikati, vipande vya kama mita moja, hadi ubakize visiki vya sentimita 5 hadi 10. Hapo chagua njia mbili.

Bila dawa, itakubidi ukate kila kinachochipua mara 3 hadi 6 kwa msimu, miaka 2 hadi 4 mfululizo. Njia hii inafanya kazi kwa sababu mizizi inaishiwa akiba, lakini ukiruka miezi miwili katikati ya kiangazi, akiba inarudi na unaanza upya. Mashine ya kukatia nyasi yenye matairi ya hewa hutoboka kwenye visiki vya multiflora. Usiingie nayo kabla hujasafisha visiki kwa mkono. Mbuzi hula majani na machipukizi kwa hamu na hufanya kazi hiyo hiyo ya kuchosha mizizi, ila mbuzi hasomi tepe. Setigera yako lazima iwe nje ya uzio wao.

Ukichagua dawa, tumia glaifoseti kwenye kisiki, usinyunyizie majani. Glaifoseti haichagui, tone likibebwa na upepo linaua setigera, nyasi na chochote kilicho kijani. Mchanganyiko wa kisiki ni wenye nguvu, takriban asilimia 20 ya kiambato amilifu. Ile inayouzwa ikiwa asilimia 41 huchanganywa na maji kwa ujazo sawa. Paka kwa brashi ndogo au sifongo ndani ya dakika 5 tangu kukata, hasa kwenye pete ya nje chini ya gome, maana ndiko dawa inakopita. Katikati ya kisiki ni mti uliokufa. Ukikata visiki ishirini kwanza halafu ukarudi kuvipaka, vya mwanzo vitakuwa vimejifunga. Mmoja akate, mwingine apake nyuma yake. Kama uzio uko karibu na mfereji au bwawa, nunua ile iliyoandikwa kuwa inaruhusiwa karibu na maji, na fuata kibandiko cha chupa hata pale kinapotofautiana na maelezo haya. Usisogelee kisiki cha multiflora kilichosukana mizizi na setigera kwa kuchimba. Hapo ndipo dawa ya brashi inaposhinda sululu.

Matawi yaliyokatwa yasilale juu ya udongo wenye unyevu. Yaweke juu ya mawe au turubai hadi yakauke, wiki tatu au nne. Yenye matunda yatie kwenye mifuko. Usiyasage kuwa matandazo, maana utakuwa umezipanda mbegu kwa mkono wako. Ukitaka kuchoma, Ohio inakataza moto wa nje kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni katika miezi ya Machi, Aprili, Mei, Oktoba na Novemba, na kuna masharti mengine ya eneo. Uliza kikosi cha zimamoto cha kwenu kwanza.

Vaa glavu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko, miwani ya kinga, suruali nene na viatu vilivyofunika. Tawi la multiflora lililokuwa limepinda hufyatuka likikatwa, na huja usawa wa uso. Vichaka hivi ni makazi ya kupe, akiwemo kupe wa miguu myeusi anayeeneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jikague mwili mzima jioni hiyo hiyo, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na penye nywele. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Na mwiba ukikuchoma, kisha baada ya wiki moja au zaidi ukaona kivimbe kisichopona kinachofuatwa na vingine vikipanda mkono kwa mstari, mwambie daktari kwamba ulikuwa unakata mawaridi. Kuna kuvu inayoingia kwa njia hiyo, inatibika, lakini hutibiwa kwa dawa za kuvu na si antibiotiki za kawaida.

Kuna mtu atakuambia usihangaike, kwa kuwa multiflora ina ugonjwa wake unaoiua. Ni kweli upo. Dalili zake ni machipukizi mekundu kupindukia, yaliyofungamana kama ufagio, yenye miiba mingi isiyo ya kawaida na majani yaliyopotoka. Unasababishwa na virusi vinavyobebwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, Phyllocoptes fructiphilus, na kichaka kilichopata hufa ndani ya miaka 2 hadi 5. Lakini katika muda huo utitiri hupeperushwa na upepo, na mawaridi ya bustani ya kila jirani yamo hatarini. Kuacha multiflora mgonjwa isimame ni kufuga ugonjwa. Ukiona ufagio mwekundu, kichaka hicho kitoke kwanza, na mizizi yake, hata kama Agosti haijafika. Kagua kiota tu kabla hujaanza. Setigera imehesabiwa miongoni mwa mawaridi yenye ukinzani dhidi ya ugonjwa huu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuithamini.

Sehemu utakazozisafisha zisikae wazi. Mwanga ukifika chini, mbegu zilizolala huamka. Panda nyasi za asili mara moja, na pale panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku rudisha setigera. Ili upate matunda, panda angalau miche minne iliyotokana na mbegu, kwa umbali wa mita 2 hadi 2.5, vipandikizi vya kichaka kimoja havitakusaidia kwa hilo. Bustani za mimea ya asili huiuza kwa jina lake la Kilatini, na ipo pia aina isiyo na miiba iitwayo serena, inayofaa karibu na njia ya watoto. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya mzizi na kina sawa na chungu, usiongeze samadi, mwagilia lita 10 hivi kwa wiki kiangazi cha kwanza mvua isiponyesha. Kulungu hupenda machipukizi yake, kwa hiyo zungushia wavu wa mita 1.5 kwa miaka miwili ya mwanzo.

Ukipenda kuotesha mwenyewe, vuna matunda Oktoba, toa mbegu, osha zile nywele zinazowasha, zichanganye na mchanga wenye unyevu na uziweke kwenye friji kwa nyuzi joto 4 hivi kwa miezi mitatu au zaidi. Baadhi huota mwaka wa pili. Usimwage udongo wa trei mapema.

Setigera huchanua juu ya matawi ya mwaka uliopita. Anayeipogoa Machi, kama wengi wanavyofanya kwa mawaridi ya bustani, hukata maua yote ya mwaka huo na kudhani mmea ni mbovu. Pogoa mara tu maua yanapokwisha, mwishoni mwa Julai: toa kutoka chini tawi moja au mawili makongwe kabisa, na yaliyobaki yaelekeze kwenye uzio yakiwa yamelala. Tawi lililolala hutoa maua urefu wake wote. Lililosimama wima huchanua nchani tu. Waridi hili lina historia ndefu kwa wafugaji wa maua. Samuel Feast wa Baltimore alilitumia kupata 'Baltimore Belle' mwaka 1843, na Michael Horvath wa Mentor, hapo hapo Ohio, alitoa kwa damu yake 'Doubloons' na 'Long John Silver' mwaka 1934, akitafuta mawaridi yanayostahimili baridi ya kaskazini.

Kila Aprili, multiflora ikiwa tayari na majani na mingine bado mitupu, tembea uzio na ng'oa kila mche mpya. Rudia Oktoba, chini ya waya na chini ya kila mti ambao ndege hutua. Kwa mbegu zilizokwisha kulala ardhini hapo kwako, jipangie ziara hizo mbili kwa miaka kumi au zaidi, na mwaka wa kwanza uwe na subira zaidi ya yote, kwa kuwa ndio utakaoona miche mingi kuliko ulivyotarajia.